Karne ya Bi Kidude, na Unguja ambayo bibi zetu hawaisimulii

Familia za Kizanzibari hapa Dubai zina kioja chao: wazee wote wamezaliwa siku moja. Januari mosi. Kwetu peke yetu wako wanne, bibi yangu, kaka yake na mashemeji zake wawili, na ukitazama vitambulisho vyao utadhani walizaliwa wodi moja wakapishana miaka tu. Sababu mnaijua. Mzee alifika dirishani, karani akamuuliza tarehe ya kuzaliwa, mzee akaanza kusimulia mwaka ule mavuno ya karafuu yalivyokuwa, karani akachoka, akaandika 1 Januari na mwaka wa kukisia, akagonga muhuri. Basi. Tangu siku hiyo ndiyo tarehe yake, mpaka mashine za uwanja wa ndege zinaisoma.

Nimeanza na hilo kwa sababu tangu tutoe kipindi cha Bi Kidude, ujumbe mwingi mnaotuletea unauliza swali lile lile. Hivi kweli alikuwa na miaka mia? Mbona wengine wanasema mia na kumi? Alikuwa na cheti?

Cheti hakuwa nacho. Jina lake ni Fatuma binti Baraka, alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, na baba yake alikuwa muuza nazi. Kidude ni jina alilobandikwa utotoni kwa udogo wake. Alifariki 17 Aprili 2013. Tarehe ya pili tunayo, ya kwanza hatuna. Mwenyewe alikuwa akisema kazaliwa zama za rupia, na waandishi wa nje wakaidaka hiyo kama ushahidi kwamba ni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sasa hapo ngoja kidogo. Bara rupia iliondoka mapema, lakini Unguja iliendelea kutumika mpaka 1936 ndipo shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Kwa hiyo hata mtoto wa 1930 ni mtoto wa zama za rupia. Kipimo kizuri zaidi ni Siti binti Saad. Bi Kidude alisema alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Siti, na Siti alikuwa juu kabisa miaka ya 1920 na 1930. Msichana wa kuweza kukaa, kusikiliza na kushika wimbo wakati huo ni wa kuzaliwa miaka ya 1910, au pengine baadaye kidogo. Mia inawezekana. Mia na kumi, mie sitii mkono.

Lakini naona hili swali la umri linatupotezea muda. Tumemfanya Bi Kidude kuwa ile klipu ya sekunde thelathini: bibi kizee, sigara mdomoni, ngoma kiunoni, anacheka. Tunai-share, tunaandika “legend”, tunapita. Mie nataka tumtazame kwa jambo jingine. Aliishi Unguja ile ile, miaka ile ile, ambayo bibi zetu wanatusimulia hapa Dubai tukiwa tunakunywa chai ya zaatari. Na Unguja yake haifanani na ile tunayosimuliwa.

Ya kwetu mnaijua kwa moyo. Shamba la karafuu. Nyumba yenye baraza na mlango wa nakshi. Sultani anapita na motokaa nyekundu. Viti vya sinema usiku wa Iddi. Halafu 1964, kilio, na safari. Sisemi ni uongo. Bibi yangu hasemi uongo. Nasema ni upande mmoja wa daraja.

Daraja lenyewe lilikuwepo. Nyinyi mliokulia hapa mnajua Khor, upande huu Bur Dubai, upande ule Deira, na abra katikati. Unguja nayo ilikuwa na mkono wake wa bahari ulioingia nyuma ya Mji Mkongwe, na ng'ambo ya maji hayo palikuwa pakiitwa hivyo hivyo, Ng'ambo. Maji yalikuja kufukiwa, ndiyo maana leo ukishuka Darajani hulioni daraja. Mji Mkongwe ni nyumba za mawe, za Waarabu na Wahindi wenye uwezo. Ng'ambo ni nyumba za udongo na makuti, za wachukuzi, wavuvi, madobi, na watu wengi ambao wao au mama zao walikuwa watumwa.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897. Hesabu sasa. Kama Bi Kidude kazaliwa miaka ya 1910, basi wengi wa wanawake watu wazima aliowaona akiwa mtoto walikuwa wanaukumbuka utumwa ule, ama kwa kumiliki ama kwa kumilikiwa. Hilo kwenye visa vyetu vya karafuu halitajwi. Karafuu zilichumwa na nani? Bibi atakwambia “wachumaji”.

Walichokifanya hao watu wa Ng'ambo baada ya uhuru wao ndicho kinachonifurahisha kuliko yote, na kilianzia kwenye nguo. Mtumwa alijulikana kwa merikani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Jina linasema kilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta kwa meli zao karne ya 19, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi, na Marekani ikaweka balozi wake mdogo Unguja tangu 1837. Kwa hiyo anayedhani Marekani imetufikia sisi Waswahili kwa Netflix, amechelewa kama miaka mia mbili hivi. Merikani ikitiwa nili huitwa kaniki, nayo ilikuwa nguo ya kazi. Wanawake walipoachwa huru wakaivua. Wakavaa kanga, zenye rangi na maneno. Wengine wakavaa buibui, vazi ambalo zamani lilikuwa la mabibi wa mjini. Siku hizi tunaambiwa kanga ni “utamaduni wetu” kama vile iliota mtini. Kuna mtu aliichagua, na alijua kwa nini.

Baada ya nguo ukafuata wimbo. Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri mpaka akampeleka mtu wake Cairo akajifunze. Ikaimbwa kwa Kiarabu, kwa wageni wa heshima. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa ya wanaume. Kisha akaja mwanamke kutoka Fumba, muuza vyungu, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Huyo ni Siti binti Saad. Aliingia mjini 1911, akajifunza, akaimba taarab kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri kwa HMV. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika hilo. Shaaban Robert alimwandikia kitabu kizima cha maisha yake, na kama mnatafuta kitabu cha kuanzia cha Kiswahili ambacho si kigumu kama kinavyoonekana, tafuteni hicho.

Siti hakuimba mapenzi tu. Aliimba kesi. Wimbo wa Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mahakama ya wakoloni ikawatia hatiani wengine. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti lao. Santuri ndiyo ilikuwa gazeti.

Sasa rudi kwa yule msichana wa muuza nazi. Hakusoma skuli. Alikaa akamsikiliza Siti, akabeba nyimbo zile kichwani, na akaja kuziimba miaka sabini na zaidi baadaye, mwenye nyimbo akiwa kafariki tangu 1950. Lakini hakumuiga. Siti aliimba kajifunika, ndani ya nyumba za heshima, na wanamuziki wanaume nyuma yake. Bi Kidude alilivua buibui. Alitoroka ndoa aliyolazimishwa akiwa bado mdogo, akavuka bahari, akatembea bara miguu mitupu kwa miaka. Aliolewa tena, akaondoka tena. Aliporudi Unguja, miaka ya 1940, alinunua kijumba cha udongo Ng'ambo akaishi kwa kazi za mikono yake. Hina, wanja, dawa za mitishamba. Na unyago.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wenu mmetuuliza unyago ni nini, na mie ni mwanamume, kwa hiyo nitasema ninachoruhusiwa. Msichana akivunja ungo, yaani akipata hedhi ya kwanza, anakuwa mwari. Somo yake, mwanamke mtu mzima ambaye si mama yake mzazi, anamchukua na kumfundisha mwili wake, usafi, mume, namna ya kukaa na watu na namna ya kujilinda. Mafundisho yana nyimbo na ngoma, na ngoma kubwa ni msondo, ndefu, inapandwa kama farasi na kupigwa kwa mikono. Wanaume hawaingii. Bi Kidude alikuwa bingwa wa msondo. Alijifunga ngoma kwa kanga kiunoni na kuipiga akiwa amesimama, umri ambao wengine wanashikwa mkono kwenda msalani. Vizazi vya wasichana vilipita mikononi mwake. Alisema hadharani kwamba hata wakubwa wa nchi walijua kazi yake, kwa sababu wake zao walipitia.

Kama ungemuuliza mtu wa Ng'ambo mwaka 1950 Bi Kidude ni nani, pengine angekujibu somo kabla ya kukujibu mwimbaji. Dunia ilimjua kwa mpangilio mwingine. Miaka ya 1980 akaanza kutoka na vikundi kwenda Ulaya na Japani. Sauti za Busara ilipoanzishwa 2004 akawa kama mwenye nyumba wa tamasha. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kule Uingereza. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya As Old As My Tongue. Halafu Offside Trick wakamweka kwenye Ahmada, na hapo ndipo watoto wa Zenji Flava walipomjua, nikiwemo mie, nyuma ya gari ya binamu yangu tukielekea Sharjah.

Kati ya kijumba cha udongo na hiyo tuzo kuna tarehe ambayo kwa familia zetu imegawa kila kitu kabla na baada. 12 Januari 1964. Kwetu hapo karne inakatika vipande viwili. Watu wamekufa, mali imechukuliwa, waliobaki wakakimbia na nguo za mwilini. Sultani Qaboos aliposhika Oman 1970 wengi walikaribishwa huko. Wengine waliingia huku, kwenye mji ambao mafuta yake yaligunduliwa 1966 na nchi yake ikaundwa 2 Desemba 1971, wakaanza ukarani na ualimu kwa sababu walikuwa na Kiingereza. Si wote waliopata karatasi. Wapo wanaobeba pasipoti ya Komoro leo na Moroni hawajawahi kuiona. Mnawajua. Pengine ndio nyinyi.

Kwa Bi Kidude 1964 haikukata karne. Alikuwa na kijumba kile kile, ngoma ile ile, wari wapya kila mwaka. Nimesikiliza mahojiano yake mengi nilipokuwa natayarisha kipindi, na Mapinduzi anayapita kama mtu anayepita kituo cha basi kisicho chake. Serikali zilibadilika juu ya kichwa chake: Sultani na Mwingereza, Mapinduzi, Muungano, vyama vingi. Yeye alihesabu kwa wanafunzi wake. Sisemi hivyo ili kuyafanya mapesi yale mauaji. Babu yangu alizikwa na watu ambao hawakumjua jina. Nasema tu kwamba kuna watu waliokuwa mji huo huo ambao kwao mwaka mkubwa ulikuwa 1897, na sisi hatujawahi kukaa tukausikiliza mwaka huo kwao.

Na mnajua hata Dubai ilikuwa ndani ya habari hii kabla yetu? Nendeni Shindagha, kwenye nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum iliyojengwa 1896, muingie ndani mtazame juu. Dari za nyumba za zamani za Ghuba zimebebwa na miti ya mikoko, boriti, wenyewe wanaiita chandal. Pwani ya Ghuba haina miti ya namna hiyo. Majahazi yalikuja kwetu na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za Rufiji na Lamu. Chumba kiliishia pale boriti inapoishia, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani vya Dubai na vya Mji Mkongwe ni vyembamba sawasawa. Waliosimama kwenye matope ya mikoko wakaikata miti ile hawakuwa watu wa nyumba za mawe. Ni watu wa upande wa Bi Kidude.

Haya niliyoyaandika mpaka sasa nilimsomea bibi yangu. Yeye ndiye msikilizaji wetu mkali kuliko wote, na Kiswahili changu anakisahihisha mpaka leo. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye jina la Bi Kidude, akasema, “Yule? Yule mlevi?” Nikamwambia, Bibi, alikuwa mwimbaji. Akasema, “Sisi hatukuwa tukenda huko, mume wangu.” (Bibi ananiita mume wangu, ni utani wetu, wasiojua wanashtuka.) “Huko” maana yake Ng'ambo, pombe, ngoma, wanaume na wanawake pamoja. Kwa bibi yangu mwanamke wa heshima hasikiki sauti nje ya ukuta.

Basi sikubishana. Nikaweka simu mezani, nikacheza ile sehemu ya msondo kutoka kwenye albamu ya Zanzibara, ile ya nne, ambayo ni yake peke yake. Nilitaka asikie sauti tu. Kilichotokea sikukitarajia. Bibi alinyamaza, halafu vidole vyake vikaanza kupiga kwenye mkono wa kiti. Havikufuata mdundo wa kwenye simu. Vilipiga ule unaojibu. Akaimba maneno matatu manne kwa sauti ya chini, mama yangu akatokea jikoni na taulo mkononi akabaki kasimama. Hajawahi kumsikia mama yake akiimba hivyo.

Nikauliza, Bibi, umejifunza wapi?

“Hayo si ya kuulizwa na wewe.” Kisha akatazama simu. “Na hiyo inachukua sauti? Ifute.”

Ilikuwa inachukua. Nikaifuta mbele yake.

Baadhi yenu mtanilaumu. Mwenzangu wa podikasti alikaa kimya siku nzima, na namwelewa, maana sekunde zile kumi na tano zilikuwa ndizo kipindi chenyewe. Lakini fikirieni. Bi Kidude alipoipandisha ngoma ya unyago jukwaani, mbele ya wanaume na kamera, wapo wanawake Unguja waliosema ametoa siri nje. Wapo waliosema bila yeye ingekufa. Mie naona pande zote mbili zilikuwa na haki, na uamuzi ulikuwa wake kwa sababu ngoma ilikuwa yake. Bibi yangu naye kaamua. Ya kwake haipandi jukwaani.

Hata hivyo kuna kitu sasa nakijua. Msichana wa nyumba ya mawe, aliyefundishwa kwamba huko hakuendwi, alifundishwa na mtu aliyetoka huko. Somo alivuka daraja akaja. Nani alikuwa somo yake? Aliitwa nani, alilipwa nini, mama yake somo huyo alikuwa mtumwa wa nani? Jina hilo liko kichwani mwa mwanamke mmoja tu, mwenye Januari mosi kwenye kitambulisho, ambaye tangu Ramadhani iliyopita ananiita kwa jina la mjomba wangu.

Mie haniambii. Mama hataki kuuliza, anaona haya. Dada yangu anakwenda kwake Ijumaa baada ya sala, atampaka hina, na simu ataiacha kwenye gari.